Kwa Nini Mgonjwa wa Kifua Kikuu Hutibiwa Akiwa Nyumbani



Mtu anakohoa. Amekonda. Usiku anatoka jasho mpaka shuka linalowa. Ndugu zake wanampeleka hospitali ya wilaya. Jioni wanarudi naye nyumbani. Hakulazwa. Amepewa kadi na vidonge, basi. Majirani wanaanza kusema. Mmoja anasema, "Vitanda vimejaa." Mwingine anasema, "Hospitali imemkataa." Wa tatu anasema kwa sauti ndogo, "Wamemkatia tamaa. Wamemrudisha afie kwake."

Maneno hayo si kweli. Tena ni maneno ya hatari. Mgonjwa akiyaamini, huona vidonge vyake si dawa ya maana. Huviacha vikae. Huenda kutafuta tiba mahali pengine, na ugonjwa huendelea kumla yeye na watu wa nyumba yake.

Mimi ni mganga msaidizi katika zahanati ya kijiji. Wagonjwa wa namna hiyo mimi ndiye ninayewaandikia barua ya kwenda hospitali. Wakirudi, mimi ndiye ninayeulizwa. Kwa hiyo leo tutajifunza juu ya kliniki ya kifua kikuu. Tutaona kazi yake katika hospitali, na kwa nini mtu hutibiwa pale huku akilala kwake.

JENGO LILILO KANDO

Hospitali ina wodi. Wodini hulala watu walio mahututi, waliofanyiwa upasuaji, na akina mama waliojifungua. Hospitali ina pia sehemu ya wagonjwa wa nje. Hawa huja asubuhi, hupimwa, hupewa dawa, hurudi kwao. Kliniki ya kifua kikuu ni ya wagonjwa wa nje. Katika hospitali nyingi za Tanzania kliniki hiyo hutibu ukoma pia, kwa sababu magonjwa hayo mawili yako chini ya mpango mmoja wa taifa.

Mara nyingi utaikuta kliniki hii katika jengo dogo, kando ya majengo mengine. Madirisha yake huachwa wazi. Mabenchi yako nje, barazani au chini ya mti. Watu wengine huona haya kukaa pale. Husema, "Wametutenga kama watu wenye dhambi." Sivyo. Jengo limewekwa kando kwa ajili ya upepo.

Tukumbuke jinsi ugonjwa huu unavyoenea. Kifua kikuu huletwa na vijidudu vidogo sana, visivyoonekana kwa macho. Aliyevigundua ni Dk. Robert Koch, Mjerumani, na alitangaza habari hiyo tarehe 24 Machi mwaka 1882. Mgonjwa wa mapafu akikohoa, vijidudu hutoka na kuelea hewani. Mtu aliye karibu huvivuta pamoja na hewa. Ndani ya chumba kilichofungwa vijidudu hukaa hewani kwa saa nyingi. Mahali penye upepo hutawanyika, na mwanga wa jua huviua.

Kifua kikuu hakiambukizwi kwa kikombe, wala sahani, wala kushikana mikono, wala kukalia kigoda cha mgonjwa. Si ugonjwa wa ukoo. Ukiona watu watatu wa nyumba moja wameugua mmoja baada ya mwingine, sababu si damu yao wala mkono wa mtu. Sababu ni hewa ya chumba kimoja.

Sasa fikiri juu ya foleni ya hospitali asubuhi. Kuna mama mjamzito. Kuna mtoto mchanga mwenye homa. Kuna mtu mwenye kisukari, na mwingine mwenye virusi vya UKIMWI ambaye mwili wake hauna nguvu ya kupigana na magonjwa. Wote wamebanana katika ukumbi mmoja. Katikati yao amekaa mtu mwenye kifua kikuu, anakohoa kutwa. Watu wamekuja kutafuta afya, wataondoka na ugonjwa mpya.

Hii ndiyo kazi ya kwanza ya kliniki. Humwondoa mwenye kikohozi katika msongamano huo. Kwa hiyo ukifika hospitali, usingoje kuulizwa. Mwambie mhudumu wa kwanza unayemwona: "Nina kikohozi, kimefika wiki mbili." Atakuonyesha mahali pa kukaa penye hewa, na mara nyingi utahudumiwa mapema kuliko wengine. Huo si upendeleo. Ziba mdomo kwa kitambaa unapokohoa, au kohoa kwenye kiwiko cha mkono.

MAKOHOZI, SI MATE

Kazi ya pili ni kuutafuta ugonjwa. Kikohozi cha wiki 2 au zaidi, homa za jioni, jasho la usiku, kukonda, kukosa hamu ya chakula, kukohoa damu: mtu mwenye dalili hizi apimwe. Asingoje zote zitimie. Mwenye virusi vya UKIMWI asingoje hata wiki 2. Aende mara kikohozi kinapoanza.

Kipimo kikubwa ni makohozi. Hapa watu wengi hukosea, nami nitaeleza kwa kirefu, maana kipimo kizuri kinategemea zaidi mgonjwa kuliko mashine. Utapewa kikopo chenye kifuniko. Toka nje, mahali pa wazi, mbali na watu. Usikohoe ndani ya chumba wala chooni. Sukutua mdomo kwa maji ili mabaki ya chakula yatoke. Vuta hewa nyingi mpaka kifua kijae, izuie kidogo, kisha iachie. Fanya hivyo mara mbili au tatu. Halafu kohoa kwa nguvu kutoka chini kabisa ya kifua, uteme katika kikopo. Yale mazito, yenye utelezi, ndiyo makohozi. Yale mepesi yenye mapovu ni mate, na mate hayana habari ya mapafu. Funga kikopo vizuri, nawa mikono. Ukiambiwa ulete makohozi ya asubuhi, yatoe mara unapoamka, kabla ya kula. Hayo ndiyo huwa na vijidudu vingi, kwa sababu yamekusanyika usiku kucha.

Maabara huyaangalia makohozi kwa darubini ya kuonea vijidudu, au huyatia katika mashine mpya. Mashine hiyo hutoa jibu kwa muda wa saa 2 hivi. Pia huonyesha kama vijidudu hivyo vimezoea dawa kubwa ya ugonjwa huu, iitwayo rifampisini. Watoto wadogo hawawezi kutema makohozi, kwa hiyo wao hupimwa kwa njia nyingine. Usikae na mtoto nyumbani eti kwa kuwa hatemi.

Mjini Morogoro kuna wapimaji wa ajabu. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine, panya buku hufundishwa kunusa makohozi. Kazi hiyo ilianza mwaka 2007. Panya huonyesha kikopo chenye harufu ya kifua kikuu, kisha maabara huhakikisha. Wamewapata wagonjwa wengi ambao darubini haikuwaona. Usicheke. Panya yule yule anayekula mahindi yetu ghalani amepewa kazi ya uganga.

SWALI LA MZEE MMOJA

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Mzee mmoja alikuja zahanati, tukasalimiana, kisha akaniuliza hivi: "Mwanangu, sisi wa zamani tunajua kifua kikuu ni ugonjwa wa kulazwa. Kaka yangu alilazwa miezi miwili, akichomwa sindano kila siku. Leo mnampa kijana wangu vidonge, mnamwambia arudi nyumbani. Je, mmechoka kuwauguza watu?"

Nilimjibu, "Mzee, hatujachoka. Zilizobadilika ni dawa, na zimebadilika kwa faida yako."

Twende nyuma kidogo. Mwaka 1926 ilianzishwa hospitali ya kifua kikuu Kibong'oto, katika mkoa ambao leo ni Kilimanjaro. Wakati ule duniani kote hapakuwa na dawa ya kuua vijidudu hivi. Wagonjwa waliwekwa mahali penye hewa baridi, wakapumzishwa, wakapewa chakula kizuri. Wengine walipona, wengi walikufa. Dawa ya kwanza yenye nguvu, sindano ya streptomaisini, iligunduliwa mwaka 1943. Baadaye zikaja nyingine. Hata hivyo madaktari waliendelea kuamini kwamba bila kitanda cha hospitali, bila mapumziko na maziwa, dawa peke yake haitoshi.

Mwaka 1956 jambo hilo lilianza kujaribiwa katika mji wa Madras, India, ambao sasa unaitwa Chennai. Walichukuliwa wagonjwa 193, watu maskini wa mjini. Nusu yao walilazwa kwa mwaka mmoja, wakapumzika na kula vizuri. Nusu nyingine walitibiwa kwa dawa zile zile wakiwa nyumbani, katika vyumba vidogo vyenye watu wengi, na chakula chao kilikuwa hafifu. Wengi walidhani wale wa nyumbani watashindwa. Habari zilipotolewa mwaka 1959, ilionekana kwamba wale wa nyumbani walipona karibu sawa na wale wa hospitali. Tena, ndugu walioishi nao hawakuugua zaidi kuliko ndugu wa wale waliolazwa.

Kwa nini hawakuugua zaidi? Sababu yake ni rahisi. Mgonjwa huambukiza sana kabla hajajua anaumwa nini, wakati anakohoa na hana dawa. Inakadiriwa kuwa mgonjwa mmoja asiyetibiwa huweza kuambukiza watu kati ya 5 na 15 kwa mwaka. Akianza kumeza dawa zinazomfaa, vijidudu hufa kwa haraka. Baada ya wiki 2 hivi, kwa kawaida hatari ya kuambukiza wengine huwa imepungua sana. Basi kumtenga mtu miezi mingi huku anameza dawa hakuna faida kubwa. Kinacholinda nyumba ni dawa tumboni mwake.

Yule kaka wa mzee alilazwa kwa sababu ya sindano. Mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma ulianza Tanzania mwaka 1977. Mtaalamu aliyeshauri kazi hiyo alikuwa Dk. Karel Styblo, aliyezaliwa Chekoslovakia. Katika miaka ya 1980 mgonjwa alitibiwa kwa miezi 8. Miezi 2 ya kwanza ilikuwa na sindano ya kila siku, na wengi walilazwa kwa ajili hiyo. Fikiri maana yake kwa mkulima. Mtu akilazwa mwezi Novemba, anatoka Januari. Mvua imenyesha, majirani wamepanda, shamba lake ni nyasi. Anapona kifua, anaingia katika njaa.

Siku hizi mgonjwa wa kawaida hachomwi sindano. Humeza vidonge kwa miezi 6. Kuanzia mwaka 2006 Tanzania ilianza kujaribu, katika wilaya chache kwanza, utaratibu wa mgonjwa kuchagua mwenyewe. Anaweza kumeza dawa kila siku kituoni, mbele ya mhudumu. Au anaweza kumeza nyumbani, mbele ya msimamizi aliyemchagua. Utaratibu huo sasa umeenea nchi nzima. Kwa hiyo kijana wa yule mzee hakukataliwa na hospitali. Yuko hospitali, ila kitanda chake kiko nyumbani.

WODI NAYO INA KAZI YAKE

Wapo wanaohitaji kulazwa. Mtu anayeshindwa kuhema, anayekohoa damu nyingi, mwenye maji mengi kifuani, mwenye kifua kikuu cha utando wa ubongo, aliyedhoofika kabisa asiweze kula, au ambaye dawa zimemdhuru: hawa hulazwa. Wakipata nafuu hupelekwa kliniki kumaliza dawa zao. Kliniki na wodi husaidiana. Wodi humwokoa leo, kliniki humponya kabisa. Kama kila mwenye kifua kikuu angekuwa amelala wodini, aliye mahututi angekosa mahali pa kulala.

SIKU 180

Miezi 6 ni siku 180 hivi. Miezi 2 ya kwanza mgonjwa humeza vidonge vyenye dawa 4 ndani yake. Miezi 4 inayofuata humeza vyenye dawa 2. Idadi ya vidonge hufuata uzito wa mwili. Ndiyo sababu hupimwa kwenye mizani kila anapokuja. Mizani hiyo pia husema kama anapona, maana anayepona huongezeka uzito. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya serikali. Mtu akikudai fedha ya dawa hizo, kamweleze mganga mkuu wa wilaya.

Wakulima wanaijua ndago. Ukipalilia juu juu, shamba huonekana safi. Wiki moja tu, majani yamechipua tena, kwa sababu vitunguu vyake vimebaki chini ya udongo. Kifua kikuu ni hivyo hivyo. Katika wiki za mwanzo dawa huua vijidudu vingi. Kikohozi hupungua, homa huondoka, chakula kinapendeza. Mwezi wa pili au wa tatu mgonjwa anashika jembe. Anajiona mzima. Hapo ndipo penye hatari, kuliko siku ile aliyobebwa kwa baiskeli. Vijidudu vichache vimebaki, vimelala ndani ya mapafu kama vile vitunguu vya ndago. Dawa za miezi ya mwisho ni za hao waliolala.

Akiacha dawa, vinaamka. Na vinavyoamka vinaweza kuwa vile vilivyozoea dawa. Huu ndio unaoitwa kifua kikuu sugu. Dawa za kawaida haziuwezi. Hospitali ya Kibong'oto ilianza kutibu kifua kikuu sugu mwaka 2009, na kwa miaka kadhaa wagonjwa kutoka mikoa yote walilazimika kusafiri mpaka huko. Tiba yenyewe ilikuwa ya mwaka mmoja na nusu au zaidi, na sindano zake ziliwafanya wengine kuwa viziwi. Siku hizi tiba hiyo hupatikana katika mikoa mingine pia. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tiba ya vidonge ya miezi 6 kwa wengi wao. Ni habari njema, lakini bado ni tiba ngumu kuliko ile ya kwanza. Tena mtu mwenye ugonjwa sugu huambukiza wengine ugonjwa huo huo sugu, hata mtoto ambaye hajawahi kumeza kidonge hata kimoja.

Makohozi hupimwa tena mwisho wa mwezi wa 2, na tena kabla ya kumaliza dawa. Mgonjwa husema, "Mbona sikohoi tena, nitoe nini?" Atoe anachoweza. Kliniki haitibu kwa kukisia.

MAMBO YANAYOWARUDISHA WATU NYUMA

Katika zahanati yetu sikumbuki mtu aliyeacha dawa kwa ukaidi tu. Kuna sababu, na nyingi zina dawa yake.

Nauli. Kliniki iko mbali, na safari moja humaliza fedha ya chumvi na sabuni. Uliza kliniki kama zahanati iliyo karibu nawe inaweza kukupa dawa zako. Mara nyingi inawezekana. Jina lako litaandikwa kwetu, nasi tutapeleka habari wilayani.

Safari. Mvuvi huenda kambini, mfugaji huhamisha ng'ombe kufuata malisho, kijana huenda kuvuna mpunga wilaya nyingine. Usiondoke kimya. Pitia kliniki kwanza, upewe dawa za kutosha, au barua ya kuhamia kituo cha huko uendako. Kadi yako iwe mfukoni. Kadi hiyo inafahamika katika kila kituo nchini.

Vidonge kusumbua. Dawa hizi huufanya mkojo kuwa mwekundu kama maji ya machungwa. Mtu huona, hushtuka, husema, "Nakojoa damu." Si damu. Ni rangi ya dawa. Kichefuchefu kidogo huja na kupita. Miguu ikichoma au kufa ganzi, sema kliniki, kuna vidonge vya vitamini vya kusaidia. Lakini macho yakigeuka manjano, ukiona ukungu machoni au ukishindwa kutambua rangi, au mwili ukitoka vipele vingi, nenda kituoni siku hiyo hiyo. Pombe huongeza madhara kwenye ini, hivyo iache kwa miezi hiyo 6. Wazee wa kilabuni watakungoja.

Akina mama wanaotumia vidonge au vijiti vya kupanga uzazi wamweleze mhudumu. Dawa ya rifampisini hupunguza nguvu yake, na mama anaweza kupata mimba asiyoitarajia. Zipo njia nyingine atakazoshauriwa.

Haya. Mgonjwa hataki aonekane na mtu anayemjua. Mama mmoja aliniambia, "Daktari, afadhali nife na siri yangu kuliko waseme nina UKIMWI." Watu huchanganya magonjwa haya mawili. Ni kweli kwamba mwenye virusi vya UKIMWI hupata kifua kikuu kwa urahisi zaidi, na kwa sababu hiyo kliniki huwashauri wagonjwa wote wapime. Lakini wagonjwa wengi wa kifua kikuu hawana virusi hivyo. Na aliye navyo hupewa dawa za magonjwa yote mawili, akaishi. Kifua kikuu cha mapafu kisipotibiwa, karibu nusu ya wagonjwa hufa. Kikitibiwa vizuri, walio wengi sana hupona. Nilimwomba mama yule achague msimamizi mmoja tu anayemwamini. Alimchagua wifi yake. Wifi alikuja kila asubuhi kuomba moto, na mama akameza vidonge mbele yake. Majirani waliona moto tu.

DAFTARI

Kitu nikipendacho zaidi katika kliniki si mashine. Ni daftari. Kila mgonjwa ana mstari wake: jina, kijiji, uzito, siku aliyoanza, majibu ya makohozi, na mwisho wake. Kila baada ya miezi 3 mratibu wa wilaya hufanya hesabu. Walioanza ni wangapi? Waliopona ni wangapi? Waliokufa? Waliopotea wako wapi? Namna hii ya kumhesabu kila mgonjwa mpaka mwisho ilijengwa na kina Dk. Styblo katika wilaya zetu. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani likaieneza katika nchi nyingi. Watu wachache vijijini wanajua kwamba utaratibu uliofundishwa dunia ulifanyiwa kazi kwanza katika hospitali za wilaya za Tanzania, pamoja na wagonjwa wa hapa.

Ukikosa siku yako, mstari wako hubaki wazi, na mtu ataulizia. Atakuja mhudumu wa afya wa kijiji, au mimi kwa baiskeli. Usikimbilie shambani kujificha. Sikuja kukukamata wala kukugombeza. Nimekuletea vidonge.

WATU WA NYUMBA YA MGONJWA

Kliniki humtibu mmoja lakini huangalia nyumba nzima. Mgonjwa akiandikwa, wote wanaoishi naye waende kupimwa, hasa watoto wa chini ya miaka 5 na watu wenye virusi vya UKIMWI. Mtu anaweza kuwa na vijidudu mwilini bila kuugua. Kati ya watu 100 walioambukizwa, 5 hadi 10 ndio huugua katika maisha yao. Kwa mtoto mdogo hatari hiyo ni kubwa zaidi, na kwake ugonjwa huenda upesi. Asiyeumwa atapewa dawa ya kinga. Wazazi wengine hukataa, wakisema mtoto ni mzima, kwa nini ameze dawa? Tunampa akiwa bado mzima ili asiugue. Chanjo ya BCG anayopewa mtoto anapozaliwa husaidia sana dhidi ya kifua kikuu kikali cha utotoni, lakini haimkingi kwa kila hali.

Nyumbani, fungua madirisha. Nyumba isiyo na dirisha itobolewe, tofali mbili au tatu tu zinatosha kwa kuanzia. Wiki za mwanzo mgonjwa alale chumba chenye hewa, peke yake kama inawezekana. Mchana akae nje kivulini. Ale pamoja na wenzake, na sahani yake isitengwe. Maharage, dagaa, karanga, mayai na mboga za majani humrudishia nguvu. Hahitaji chakula cha dukani.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini mabenchi ya kliniki ya kifua kikuu huwekwa nje?

2. Jirani anasema, "Mgonjwa huyu asilale nyumbani, atatuambukiza." Ameanza dawa mwezi mmoja uliopita na hakosi hata siku moja. Mtamjibu nini?

3. Mtu ameanza dawa tarehe 10 Februari. Atamaliza mwezi gani? Je, ni wakati wa kazi gani shambani katika kijiji chenu? Nani atamkumbusha wakati huo?

4. Kutoka kijijini kwenu mpaka kliniki ni kilomita ngapi, na nauli ni kiasi gani kwenda na kurudi? Ni zahanati gani iliyo karibu zaidi?

5. Hesabuni nyumba za kitongoji chenu zisizo na dirisha katika chumba cha kulala. Leteni idadi hiyo kwenye mkutano wa kitongoji.